Printa Haionekani

Niseme mapema: mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ni mpiga chapa. Nilijifunzia mashine ya chuma, ile ukibonyeza herufi unaisikia ikigonga karatasi na unajua kazi imefanyika. Hizi za siku hizi unabonyeza, kimya, halafu unabaki kumwomba Mungu. Mradi wetu wa maji pale Mpanda ulipoletewa kompyuta tatu na printa moja, wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikunja uso. Kalisti akanicheka, akasema, "Skola, usiikazie macho hivyo, itaogopa kufanya kazi."

Kalisti alikuwa mhasibu wetu. Meza yake na yangu zilitazamana ndani ya chumba kimoja, na bosi wetu, Bwana Malale, alikuwa na chumba chake ng'ambo ya ukuta. Kalisti alikuwa Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, ila alijenga Nsemulwa, mtaa wa pale mjini, na aliishi huko na mke wake Christina na watoto. Mimi ni Mfipa, nimepanga chumba kimoja karibu na stesheni, sina mume, sina mtoto, na kama unataka kuniuliza kwa nini, nakushauri usiulize. Kati yangu na Kalisti hapakuwa na jambo la kumficha padri. Nalisema kwa sababu watu nawajua. Saa nne tulikunywa chai na mihogo, ananiambia ya kwao, namwambia ya kwetu, tunamsengenya bosi kidogo, tunarudi kazini. Basi. Lakini mtu uliyekunywa naye chai miaka yote hiyo akifa, hujui uende ukamlilie wapi. Hilo hakuna anayekufundisha.

Alikufa kwa malaria, mwaka ule wa mvua za Elinino. Jumatatu alisema kichwa kinamuuma, akaaga mapema. Kabla ya Jumapili tulikuwa tunachanga mbao za jeneza.

Msibani kila mtu alikuwa na mahali pake. Mjane na shangazi zake ndani, juu ya mkeka. Wanaume nje, kwenye moto. Kwaya upande wao. Watani nao walifanya yao: mmoja alivaa koti la marehemu akatembea kama yeye, bega moja chini, akiuliza kwa sauti yake nani amekula mihogo yake, na watu wakacheka huku machozi yanatoka. Sisi wa ofisini tuliwekewa benchi chini ya turubai, kama wageni wa sherehe. Mama mmoja akanisogelea akauliza, "Na wewe ni nani wake?" Nikasema nafanya naye kazi. Akanipa pole moja nyepesi, ile ya kumpa mtu uliyemkuta njiani, akaenda. Mimi sikulia. Ningelia kama nani?

Walipompeleka makaburini walimpitisha ofisini kuaga. Christina aliingia ameshikwa huku na huku, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mumewe, akavua kitenge alichojitanda, akaifunika kompyuta pamoja na kila kilichokuwa mezani. Akasema, "Visiguswe mpaka tuanue matanga." Kwao ndivyo ilivyo. Vitu vya mtu havishikwi mpaka ukoo ukae, umalize msiba, useme nani anachukua nini. Bwana Malale ni Msukuma, ametoka na ng'ombe wa baba yake huko kaskazini, na mambo ya msiba wa watu anayaogopa kuliko simba. Akainama kwa heshima, akachomoa waya wa ile kompyuta ukutani. Mimi nilimwona. Nikaona amefanya vizuri.

Siku zikaenda. Nilikaa mbele ya kile kitenge asubuhi mpaka jioni. Saa nne ikifika nachemsha maji ya vikombe viwili, nakumbuka, namwaga nusu. Mchana sina wa kusema naye. Jioni narudi chumbani kwangu, nawasha redio ili pawe na mtu anaongea.

Ndipo ikaja habari ya ripoti. Makao makuu Sumbawanga walitutangazia kwamba wafadhili wanakaa kikao Dar es Salaam kuamua ofisi ipi ibaki na ipi ifungwe. Ripoti yetu ikifika, yenye majedwali na michoro ya visima, Mpanda itabaki. Isipofika, tutafungwa, na vyombo vyetu vitahamishiwa Sumbawanga. Ripoti ilitakiwa iende na treni ya Tabora ya kesho yake. Bwana Malale ana nyumba na ng'ombe, angeishi. Mimi nilikuwa na chumba kile tu. Ndicho chumba pekee duniani ambamo mtu aliwahi kunigeukia asubuhi akaniuliza nimeamkaje akitaka kweli kujua. Wangekifunga, na Kalisti ningekuwa nimemzika mara ya pili.

Kwa hiyo nilipiga chapa kama mwenda wazimu. Mchana ripoti ilikuwa tayari ndani ya mashine. Nikabonyeza kuchapa.

Kimya. Halafu kikaja kidirisha kwenye kioo kikisema printa haionekani.

Haionekani vipi na iko pale? Nilikuwa naiona, imekaa kwenye kimeza chake pembeni ya meza ya Kalisti, taa yake ya kijani inawaka. Nikabonyeza tena. Haionekani. Nikabonyeza tena na tena, nikijaribu ukurasa wa kwanza tu, mpaka nikaona aibu. Tangu msiba tulikuwa hatujachapa kitu, tuliandika kwa mkono, kwa hiyo sikujua imeharibika lini.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Karatasi zipo. Nikatoa wino, nikautikisa, nikaurudisha. Nikazima printa nikaiwasha. Nikashikilia kile kitufe chake alichonionyesha Kalisti, ikatoa karatasi ya majaribio, safi, nyeusi ti. Printa ni nzima kabisa. Nikapiga magoti nikaufuata waya mweusi unaounganisha kompyuta, nikakaza kila kiungio nilichokifikia mpaka vidole vikauma. Nikazima mashine yangu nikaiwasha upya. Haionekani. Nikaikumbuka mashine yangu ya chuma, lakini utepe wake ulikauka siku nyingi, na hata ingeandika, isingechora visima.

Bwana Malale akaja, akasimama, akashika kiuno. "Umejaribu kuizima?"

"Nimeizima mpaka imechoka, Bwana Malale."

"Sasa tutafanyaje?"

"Nikijua nitakwambia."

Akaniacha. Anajua nikiwa hivyo si wa kuongezwa maneno.

Fundi aliyetufungia mitambo alikuwa Josephat, wa Sumbawanga. Barabara ilikuwa imekatika, magari yamezama tope hayaendi mbele wala nyuma, na simu ya posta ilikuwa inakoroma tu. Ikabaki redio kolu, ile ya kuongea kati ya vituo. Ile redio iko chumbani kwa bosi, lakini ukiacha mlango wazi inasikika kwangu. Ubaya wake ni kwamba ukiongea wewe, wanasikia wote: makao makuu, masista wa Mamba, kituo cha Majimoto, na kila mwenye redio na mchana usio na kazi. Ni kama kuongea na daktari sokoni.

Nikashika kipaza sauti, nikamweleza Josephat ugonjwa wote. Akanisikiliza vizuri, sikatai. Akaniambia nirudi kwenye mashine yangu, nifungue kile kidirisha kinachoonyesha kompyuta zilizo hewani, nihesabu picha. Nikaenda, nikarudi.

"Naona mbili, ova."

"Mbili zipi, ova?"

"Yangu na ya Bwana Malale, ova."

"Zilikuwa tatu, Dada Skola. Ya tatu iko wapi? Ova."

Redio ikakwaruza. Mimi si mpumbavu. Aliposema vile, nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kile kimeza mchana wote ule, na ule waya mnene wa printa niliuona ukipita, ukiingia chini ya kitenge. Niliufuata kwa mkono mpaka kwenye upindo wa nguo, mkono ukasimama. Akili nayo ikasimama hapohapo. Tulikuwa tumemfunika Kalisti, na macho yetu yote yakakubali kuacha kuangalia upande ule.

"Ya tatu ni ya marehemu," nikasema. "Imezimwa. Ova."

"Ndiyo hiyo. Printa imefungwa kwake. Nyie mnachapa kupitia kwake, yeye ndiye anapokea kazi zenu anaipa printa. Akizimwa, hakuna anayeiona. Iwasheni, ova."

"Haiwezekani. Matanga hayajaanuliwa, ova."

Nikamwuliza kama tunaweza kuuhamisha waya. Akasema waya umekazwa kwa skrubu mgongoni mwa mashine ya marehemu, kwa hiyo kushika ni kulekule, na tena diski za kuitambulisha printa kwenye mashine yangu anazo yeye Sumbawanga. Halafu sauti ya sista mmoja wa Mamba ikaingia katikati, bila kuulizwa: "Mpanda, poleni sana na msiba. Kalisti tulimpenda. Nendeni kwa mke wake, ova." Nikashukuru, nikaweka kipaza sauti chini.

Nikamtazama Bwana Malale. Akaanza kupanga kalamu zake.

"Mimi ni mgeni huku," akasema. "Siwezi kwenda kuomba kitu kama hicho. Watasema Msukuma hana adabu."

"Kwa hiyo Mfipa ndiye asiye na adabu."

"Wewe mlikuwa mnapatana naye."

Hilo neno lilinichoma, sijui kwa nini. Tangu msiba lilikuwa neno la kwanza mtu kusema kuhusu mimi na yeye, na limetoka kwa mtu anayetaka kunituma.

Nikavaa mabuti nikaenda Nsemulwa. Njiani nilitunga maneno, nikayatupa yote. Yule mwanamke sikuwa namjua. Tulisalimiana kanisani, na aliwahi kunitumia karanga kwa mkono wa mumewe, nami nikamtumia samaki wa Karema. Ndiyo yote. Lakini ninakiri nilikuwa namwonea wivu. Si wivu wa mume. Nilimwonea wivu wa ule mkeka, wa watu kumshika mabega, wa kuvaa nyeusi na kila mtu akaelewa.

Nikapiga hodi. Alikuwa ameketi ndani na shangazi wa marehemu, bibi mmoja mkavu mwenye macho makali. Nikatoa pole, wakapokea. Nikamwita Mama Agape, kwa jina la mtoto wake mkubwa, nikamweleza shida kama ilivyo, bila sukari.

"Nani amekutuma?" akauliza. "Bosi wenu?"

"Bosi anaogopa. Nimekuja mwenyewe."

"Na ripoti isipotoka?"

"Wanafunga ofisi. Vitu vyote vinakwenda Sumbawanga, na meza ya baba Agape pia."

Shangazi akasema mjane hatoki nje kabla ya kuanua, na vitu vya marehemu havina haraka, vingoje. Alisema kwa Kipimbwe, lakini sura yake haikuhitaji mkalimani. Christina akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Shangazi, kitenge ni changu. Nilikiweka mwenyewe, nitakitoa mwenyewe." Akainuka akatafuta viatu.

Tukatembea kwenye tope bila kusema mengi. Watu walitutazama, mjane na nyeusi yake na mimi na mabuti yangu, na najua jioni ile tulizungumzwa kwenye kila jiko. Wazungumze tu, ndiyo kazi yao.

Ofisini Bwana Malale alimsalimia kwa mikono miwili akakimbilia chumbani kwake kwenye redio. Christina akasimama mbele ya meza. Akakishika kitenge kwa ncha mbili, akakivuta taratibu, akakikunja. Chini yake palikuwa na kalamu, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, na kikombe. Chai iliyobaki ilikuwa imeota ukungu.

"Hakumaliza," akasema.

"Siku ile alisema inamtia kichefuchefu. Nilimwambia anajidekeza."

Akakishika kile kikombe kwa mikono yote miwili kama bado kina moto. Mimi nikachomeka waya ukutani, nikabonyeza. Mashine ikaguna, ikanguruma, kioo kikawaka. Nikashusha pumzi. Halafu ikasimama, ikauliza paswedi.

"Inataka nini?" Christina akauliza.

"Neno lake la siri. Kila mtu aliweka lake. Bila hilo haifunguki."

"Neno gani?"

"Wengine huweka jina la mtu."

Sasa hapo nisikilize vizuri. Kuna muda mdogo sana, mtu hata hajapepesa, na ndani yake ukafanya jambo ambalo hukulipanga. Ukiandika paswedi, herufi hazionekani, zinatokea nyota tupu. Hakuna awezaye kusoma. Nikaandika jina langu. Skolastika, lote, mpaka mwisho. Moyo ulikuwa unanipiga kama msichana. Nikabonyeza Enta.

Ikakataa.

"Sio hilo," nikasema. Sauti yangu haikunisaidia.

"Andika langu," akasema.

Nikaandika Christina. Alikuwa ameinama begani kwangu, nasikia anavyohema. Nikabonyeza. Ikakataa. Nikaandika Agape bila kuambiwa, ikakataa, nikaandika jina la yule mdogo, ikakataa. Nikaandika Mamba. Ikakataa. Tukabaki tunakitazama kioo, wanawake wawili, kama watu waliofungiwa nje ya nyumba moja.

Kutoka chumba cha pili nikamsikia Bwana Malale akimwuliza Josephat, na Josephat akijibu kwenye mikwaruzo. Bosi akapaza sauti: "Skola, anasema usiandike kitu. Acha wazi, ubonyeze Enta tu. Anasema marehemu alikuwa mvivu wa mambo hayo, alimwambia aweke, hakuweka."

Nikabonyeza. Ikafunguka.

Kumbe muda wote hakukuwa na neno. Hakumweka mke wala mtoto, na mimi ndiyo kabisa. Aliacha mlango wazi kwa sababu hakuona cha kuficha, au kwa sababu alikuwa mvivu, na yote mawili ni yeye.

Mara printa ikashtuka, ikaanza kutema karatasi. Ukurasa wa kwanza, halafu ukurasa wa kwanza, halafu ukurasa wa kwanza tena, kwa sababu nilibonyeza kama kichaa na zote zilikuwa zimejipanga kunisubiri. Ripoti yenyewe ilifuata. Nikuondolee wasiwasi: iliwahi treni, na ofisi haikufungwa. Bwana Malale alisifiwa.

Lakini pale nilikuwa bado nimeketi, karatasi zinatoka, na Christina hajaondoka.

"Ile mara ya kwanza," akasema, "uliandika nini?"

"Nilikosea."

"Kompyuta mimi siijui, lakini vidole nilikuwa naviona. Havikukosea."

Nikangoja anitukane. Ningemjibu, mimi maneno hayanishindi, na nilikuwa na mengi. Ningemwambia chai na mihogo, na kwamba hapakuwa na kingine. Akakiweka kikombe mezani.

"Na mimi ningejaribu langu kwanza," akasema. "Langu nalo halikuwemo."

Nikataka kumwambia kwamba mumewe alimtaja kila siku, maana alimtaja kweli. Badala yake nikainamisha kichwa nipange karatasi, zikawa hazipangiki, zinaloa. Ndipo nikajua kwamba nalia. Nililia vibaya, bila sauti, kama mtu anayeiba.

Christina akaufunga mlango wa upande wa bosi.

"Mimi nimelia na Nsemulwa nzima," akasema. "Wamenishika, wameninywesha uji, wamenilaza. Wewe, dada yangu, umelia na nani?"

Akavuta kiti cha mumewe, akaketi mbele yangu, akasubiri.